«Beot»: neno la kale la Kiingereza, pale majigambo yalipokuwa deni

Leo mtu akijigamba mbele ya watu, wengi hucheka kisha husahau. Kwa Waingereza wa zaidi ya miaka 1000 iliyopita haikuwa hivyo. Walikuwa na neno «beot», ambalo Kiingereza cha sasa hakina tena. Lilikuwa na maana ya majigambo, tena ahadi, tena tishio. Asili yake ni kitenzi cha kuahidi.

Askari alitamka beot yake ukumbini kwa bwana wake, wenzake wakisikia, pombe ya asali ikizunguka. Alitangaza atakalofanya siku ya vita. Baada ya hapo alidaiwa.

Deni hilo lilionekana wazi huko Maldon, mashariki mwa Uingereza, mwezi wa Agosti 991. Wavikingi walikuja kwa merikebu, na katika mapigano wakamuua Byrhtnoth, mkuu wa jimbo la Essex. Shairi la kale linasimulia kwamba mtu mmoja, Godric, alirukia farasi wa marehemu na kukimbia. Wengi walidhani ni mkubwa mwenyewe anaondoka, nao wakatawanyika. Ndipo kijana Ælfwine akawakumbusha waliobaki yale waliyoyasema wakiwa wameketi kwenye mabenchi, wakinywa. Mwingine, Offa, alikuwa ameonya mapema kuwa wengi wanaosema kwa ukali mkutanoni hawatavumilia siku ya shida. Yeye mwenyewe alikuwa ameapa kurudi nyumbani pamoja na bwana wake, au kufa naye. Alilala chini karibu naye.

Ushujaa huo haukuwazuia Wavikingi. Mwaka huohuo watawala walikubali kuwalipa pauni 10,000 za fedha ili waache kushambulia. Mwaka 994 wakalipwa tena, pauni 16,000.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. Moja ni «vaunt», kutoka «vanter», ambalo kila aliyesoma shule hapa Congo analijua. Mzizi wake wa Kilatini maana yake ni tupu. Yaani kujigamba kukatoka kwenye ahadi, kukahamia kwenye utupu.

Waingereza wa kale walikuwa pia na neno «gielp», majigambo matupu ya kujisifu. Hilo halikufa. Leo linaandikwa «yelp», na ni mlio wa mbwa aliyeumizwa.