Mizinga ya Königsberg

Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, majuma machache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliifungia njia ya kutokea baharini. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya Königsberg kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, nahodha wake, Max Looff, aliamuru meli yake ilipuliwe.

Kwa kuwa ilizama kwenye maji ya kina kifupi, vifaa vyake vingi viliweza kuopolewa. Wakati huo silaha kutoka Ulaya zilipatikana kwa shida, hivyo Wajerumani waliifungua mizinga yote 10 na kuipeleka Dar es Salaam, ambako ilitengenezewa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Ilikokotwa na wapagazi wengi kupita misitu, matope na milima. Baadhi ilipelekwa Kondoa Irangi kwa mapigano ya 1916, na mmoja ulifungwa juu ya meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo ni MV Liemba. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia nchi kavu. Mara nyingi Wajerumani walipolazimika kuacha mzinga, waliuharibu kwanza ili adui asiutumie.

Baada ya vita, uopoaji uligeuka biashara. Mwaka 1924 John Ingles, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua kwa pauni 200 haki ya kuopoa mabaki ya meli iliyomzamisha, akatuma wapiga mbizi wakatoe metali zenye thamani. Baadaye aliiuza haki hiyo, na wengine wakaendelea kuichokoa meli kwa miaka mingi, hadi bodi lake lilipoporomoka na kudidimia kwenye tope la mto mwaka 1966.

Mizinga mitatu ya Königsberg imehifadhiwa kama kumbukumbu: mmoja Pretoria, mmoja Jinja na mmoja Ngome ya Yesu, Mombasa. Huko Mombasa umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus, hivyo mgeni anaweza kuziona mahali pamoja silaha za pande mbili zilizopigana Unguja mwaka 1914.