UZI: Bandari ikifa, ardhi inabaki ya nani?

Kila mjadala wa kufufua ufuo wa Kisumu au bandari ya zamani ya Mombasa ukiibuka, lazima mtu atume picha ya maghorofa ya Canary Wharf, London, na swali: "Mbona sisi hatuwezi?" Sawa. Wacha niwaeleze ile picha ilitoka wapi.

1/ Gati za West India zilifunguliwa 1802 kupokea sukari na ramu kutoka visiwa vya Karibi, mali ya jasho la watumwa. Baadaye familia nyingi za mashariki mwa London ziliishi kwa kazi ya gati.

2/ Kilichoziua gati ni makontena. Meli zikawa kubwa mno, kazi ikahamia Tilbury, karibu na bahari. West India ikafungwa 1980, Royal Docks 1981.

3/ Mwaka huohuo wa 1981 serikali kuu iliunda shirika maalumu, LDDC, ikalikabidhi eneo la kilomita 22 hivi za mraba. Mamlaka ya kuidhinisha ujenzi yakatolewa kwa mabaraza ya mitaa yaliyochaguliwa na wananchi, yakapewa shirika. Vita vilianzia hapa. Waliounga mkono walisema mabaraza yamekalia ardhi bure. Waliopinga waliuliza: hawa tuliwapigia kura lini?

4/ Wakazi hawakunyamaza. 1983 waliandika mpango wao wenyewe wa Royal Docks: gati zifanye kazi tena, nyumba ziwe za bei ya mtu wa kawaida. 1984 wakapanda mashua, wakapita mto Thames mpaka Bungeni. Hawakusikizwa. Pale pakajengwa uwanja wa ndege, ukafunguliwa 1987.

5/ Kuanzia 1982, biashara katika sehemu ya Isle of Dogs zilisamehewa kodi ya majengo kwa miaka 10. Hata na hiyo, mnara wa Canary Wharf ulipokamilika 1991, ofisi nyingi zilikosa wapangaji. 1992 kampuni iliyoujenga ikafilisika. Treni ya chini ya ardhi ilifika 1999.

6/ Leo zaidi ya watu 100,000 wanafanya kazi pale, kwa hivyo siwezi kuwaambia mradi ulifeli. Kazi zilirudi. Lakini nyingi ni za benki na ofisi, na kuli aliyefutwa 1980 hakuwa na vyeti vya kuingia huko.

7/ Kwetu, Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo yake, na wananchi lazima washirikishwe. Kwa hivyo ukionyeshwa picha tamu ya ufuo mpya, uliza:

- Ardhi itaandikwa kwa jina la nani?
- Nani amesamehewa kodi, na mpaka lini?
- Mvuvi, mama samaki na fundi wa mashua wako ukurasa gani wa mkataba?

Uliza kabla sahihi haijawekwa. Wale wa London waliuliza wakati mamlaka yalikuwa yameshaenda.