Kuelekeza Kiungo Upya na Kulandanisha Majedwali

Fundi wa hifadhidata akiambiwa "unganisha majedwali ya tawi na ya makao makuu", ana haki ya kuuliza: kuunganisha kupi? Huenda anatakiwa kuandika amri ya SQL inayosoma majedwali mawili kwa pamoja. Huenda anatakiwa kuifanya faili moja ya Microsoft Access ilione jedwali lililo katika faili nyingine. Au huenda rekodi za faili mbili zinatakiwa zifanane. Kitendo cha kwanza hakibadili kilichohifadhiwa, cha pili kinabadili anwani tu, cha tatu kinaandika juu ya data. Vitendo vyenye hatari zisizolingana hivi havistahili jina moja.

Tuanze na kile cha pili. Mfumo wa Access unaotumiwa na watu wengi hugawanywa sehemu mbili: faili ya mbele yenye fomu, ripoti na msimbo, na faili ya nyuma yenye majedwali, ambayo hukaa kwenye seva. Jedwali linaloonekana katika faili ya mbele ni kiungo tu. Ndani ya msimbo wa VBA, kiungo hicho ni kitu cha aina ya TableDef, na sifa yake iitwayo Connect hubeba njia ya kufikia faili ya nyuma, kwa mfano ;DATABASE=\\seva\data\dawa.accdb. Faili ya nyuma ikihamishiwa folda nyingine, njia hiyo inakufa na Access inalalamika kuwa haioni faili.

Msimbo wa kutibu hali hiyo ni mfupi. Unapita kila TableDef, unaruka zile ambazo Connect yake ni tupu kwa kuwa hayo ni majedwali ya humo humo, unaruka pia zinazoanza na ODBC kwa kuwa zinaelekea kwenye hifadhidata za aina nyingine, kisha unaandika njia mpya na kuita RefreshLink. Hakuna rekodi hata moja inayohama. Kwa hiyo napendelea kuiita kazi hii "kuelekeza kiungo upya" kuliko "kuunganisha upya": inataja hasa kinachobadilika, yaani mwelekeo. Matoleo ya Access kabla ya lile la 1995 yaliyaita majedwali haya kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuambatisha, nalo likaachwa. Istilahi haiharamishwi kurekebishwa.

Msimbo huo una mtego mmoja mkubwa. Ukikwama katikati, majedwali ya mwanzo yatakuwa yanaelekea faili mpya na yaliyobaki yanaelekea ya zamani, na karani ataendelea kuingiza mauzo bila kujua kwamba yanagawanyika. Ni lazima msimbo uhakikishe kwanza kuwa faili mpya ipo na ina majedwali yote, na mwishoni usome tena kila Connect.

Kitendo cha tatu ndicho kigumu. Wengi hukiita "kusawazisha", na neno hilo limeshazoeleka katika simu zetu. Mimi nashikilia "kulandanisha". Bao la kusawazisha huleta idadi sawa, basi. Lakini majedwali mawili yanaweza kuwa na rekodi 400 kila moja na yasifanane hata kidogo. Kulandana ni kufanana, na kufanana ndiko tunakokutafuta.

Access iliwahi kuwa na njia yake yenyewe ya kulandanisha nakala za hifadhidata, iliyoingia na toleo la 1995. Kila jedwali liliongezewa safu za siri, mojawapo ikiwa s_GUID ya kuitambulisha rekodi popote ilipo, na namba za kujiongeza zikawa za kubahatisha ili matawi mawili yasitoe namba ileile. Muundo wa accdb uliokuja na Access 2007 haukuibeba huduma hiyo, na tangu Access 2013 haipo kabisa. Anayeihitaji leo hujiandikia msimbo: amri moja ya kuongeza rekodi zisizokuwepo upande wa pili, nyingine ya kubadili zilizopitwa na wakati, zote ndani ya muamala mmoja ili hitilafu ikitokea zitanguliwe pamoja.

Ufutaji ndio unaowashinda wengi. Rekodi ikiwepo tawini na ikakosekana makao makuu, msimbo hauwezi kujua kama tawi limeiongeza au makao makuu yameifuta. Ukikisia kuwa ni mpya, kila kilichofutwa kitarudi. Ukikisia kuwa imefutwa, kazi mpya ya tawi itapotea. Dawa ni kutofuta rekodi moja kwa moja, bali kuiwekea alama na tarehe ya kufutwa, na alama hiyo ilandanishwe kama data nyingine. Rekodi yenyewe iondolewe baada ya kila nakala kuipokea alama.