Kunguni wa mimea na mazao ya Kilosa

Kunguni wa mimea hawatafuni. Mdomo wao ni mrija wenye sindano nyembamba: hutoboa, humwaga mate, kisha hufyonza. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwaweka katika oda ya Hemiptera kwa kuangalia mabawa, akiwachanganya na thripsi, wadudu wadogo mno. Mwanafunzi wake, Johan Christian Fabricius, aliwapanga wadudu kwa midomo yao mwaka 1775. Thripsi walitengewa oda yao mwaka 1836.

Katika Kilosa, wilaya ya Mkoa wa Morogoro, pamba ndiyo iliyoupa uainishaji huo manufaa ya shambani. Zao hilo lilienezwa na Wajerumani, na Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1909. Mmoja wa kunguni wa pamba, wa familia ya Miridae, alipewa jina la Lygus vosseleri, kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wadudu wa kituo cha Amani, Usambara. Siku hizi huitwa Taylorilygus vosseleri. Huzaliana kwenye mtama unaochanua, halafu huhamia kwenye pamba na kutoboa machipukizi. Kitundu chake ni kidogo mno, lakini jani likikunjuka hutoka limechanikachanika, na vitumba hudondoka.

Kangambili, wa familia ya Pyrrhocoridae, hulenga mbegu. Hupenyeza sindano hadi ndani ya tunda la pamba na kuacha vimelea vya kuvu vinavyotia nyuzi rangi ya manjano. Mkulima huuona ubaya wake sokoni, pamba yake inapowekwa daraja la fifi badala ya safi. Kwa kuwa kangambili huishi pia kwenye mibuyu, misufi na bamia, kung'oa na kuchoma masalia ya pamba hupunguza wadudu bila kuwamaliza. Kituo cha utafiti wa pamba kilianzishwa Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, mwaka 1943.

Mbali na pamba, Lumuma, magharibi mwa wilaya, imejulikana kwa vitunguu vya umwagiliaji. Msumbufu mkubwa wa kitunguu ni thripsi, yule yule aliyetengwa na kunguni. Huishi kwa kufyonza kama wao, ila hutoboa seli za juu ya jani moja moja, na jani hubaki na madoa meupe ya fedha. Kwa kuwa hujificha katikati ya majani machanga, dawa isiyofika shinani mwa majani humwacha salama.