Mji Usiokuwa na Magofu

Wazee wetu walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yamfaa mtu aingiaye Bariadi asubuhi, akashuka stendi na kuanza kutembea taratibu katika mitaa ya kati bila haja ya kununua kitu. Hatakuta msikiti wa mawe kama ule wa Kilwa Kisiwani, wala boma la Wajerumani kama lile la Bagamoyo. Atakuta soko, maduka, vibaraza vya mafundi cherehani, maghala na migahawa. Kwa ajili hiyo wako wasemao, na baadhi yao ni walimu, kwamba mji kama huu hauna historia. Shabaha ya insha hii ni kuonyesha kwamba kauli hiyo si kweli. Historia ya Bariadi imo katika vitu vile vile ambavyo watu huvipita kila siku: duka, mizani na sahani ya chakula.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya mkoa huo ilimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka Mwanza. Jina lake ni la mto Simiyu, umwagao maji yake katika Ziwa Victoria. Zamani za ukoloni Bariadi ilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, na nchi yenyewe iliitwa Ntuzu. Ndiyo sababu Wasukuma wa huko huitwa Wanyantuzu. Waliongozwa na watemi hadi utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Makazi ya mtemi yaliitwa ikulu, na taifa zima likalichukua neno hilo kwa makazi ya Rais wake. Basi mtu asemaye kwamba nchi hii haina historia hulitamka neno la historia yake bila kujua.

Wala biashara haikuanza siku duka la kwanza lilipofunguliwa. Kabla ya hapo vijana wa Usukuma walisafiri kwa makundi hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi, wakapita katika pori lenye simba na lisilo na maji. Safari hiyo ilikuwa biashara, na ilikuwa pia kipimo cha ujasiri. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi Warongo, upande wa magharibi. Chumvi, jembe, nafaka na ng'ombe vilibadilishana mikono kwa makubaliano ambayo kila mtu aliyafahamu. Mteja aulizaye leo bei ya chumvi sokoni Bariadi anaendeleza mazungumzo ya kale sana.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kilimo cha pamba kikaenea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakulima wengi walihamia nchi ya mashariki, ikiwamo Maswa, kutafuta mashamba mapya, na mavuno yakaongezeka sana. Hapo ndipo duka lilipopata nguvu. Wenye maduka na viwanda vya kuchambulia pamba walikuwa zaidi Wahindi. Mkulima alileta pamba yake, akalipwa fedha, na fedha hizo hazikukaa mfukoni: zilinunua kaniki, shuka la marekani la kuvaa lubega, sabuni, sukari na mafuta ya taa. Pamba iliondoka ikiwa robota, ikavuka bahari, ikarudi ikiwa kanga, na mkulima akainunua kwa bei asiyoipanga yeye.

Katika biashara hiyo kifaa kilichozua ugomvi mkubwa kilikuwa mizani. Mkulima hakujua kuisoma, au alisimama upande usioonekana. Alibeba mzigo aliouchuma yeye, mkewe na watoto wake kwa siku nyingi, akaambiwa kwamba uzito wake ni mdogo. Hakuwa na la kujibu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walifanya jambo ambalo latosha kuwa somo kamili darasani: waliwaajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka penye vituo vya kununulia pamba ili wahakikishe uzito. Kutokana na hatua hiyo, ambayo yaonekana ndogo, viliota vyama vya msingi vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Kufikia mwisho wa muongo huo karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipitia mikononi mwa ushirika. Mkulima aliyeshindwa kusoma mizani peke yake aliisoma pamoja na wenzake, na waliojifunza kusimamia mizani hawakushindwa kudai uhuru.

Haifai, hata hivyo, kusimulia historia kama hadithi ya ushindi mtupu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na Serikali, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 1976 ilitangazwa Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi yapishe maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Lakini duka ni shelfu pamoja na bidhaa zilizo juu yake, nazo bidhaa ziliadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na upungufu wa fedha za kigeni viliitikisa nchi nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nakumbuka nilivyotumwa na mama kusimama foleni ya sabuni tangu alfajiri. Jua lilipopanda nilifika mbele, nikamkuta mwuzaji amekaa nyuma ya shelfu tupu zilizofutwa vumbi vizuri. Nilirudi na kikapu kitupu, na mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho niamke mapema zaidi. Kumbukumbu kama hiyo wanayo maelfu ya Watanzania wa rika langu, nayo ni historia sawa na ya vita na mikataba.

Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na shelfu zikaanza kujaa. Miaka kumi baadaye ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa makampuni binafsi. Leo katika mitaa ya Bariadi duka la vitenge limekaa ubavuni mwa duka la pembejeo, na fundi cherehani hukaa barazani akipunguza suruali zilizotoka nchi za mbali. Msimu wa pamba ukifunguliwa, mitaa hujaa watu. Ukiisha, au bei ikianguka, kibaraza cha fundi ndicho huanza kunyamaza. Atakaye kujua hali ya mavuno ya mwaka na amwulize fundi huyo.

Tuingie sasa katika mgahawa, kwa maana njaa nayo ina historia yake. Kwa mama lishe sahani ya kawaida ni ugali wa mahindi. Lakini mahindi ni mgeni. Wenyeji wa kale ni mtama na uwele, vyakula vilivyostahimili ukame. Sokoni huuzwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Ziko pia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Vijana wa mjini huviona vyakula hivi kuwa ni vya kimaskini. Kwa kweli ni akiba iliyobuniwa na akina mama wa nchi yenye mvua isiyotabirika, nao waliokoa maisha ya watu wengi kabla ya ghala la Serikali kujulikana. Kando yake hukaangwa sato na dagaa kutoka Busega, na huliwa wali wa mpunga wa Maswa. Chai ya maziwa na sambusa zakumbusha wenye maduka wa Kihindi, na pilau yakumbusha pwani. Katika meza moja ya mbao hukutana ziwa, mbuga na bahari.

Mji huu sasa unabadilika upesi. Barabara ya lami yaunganisha Lamadi, Bariadi na Maswa, na katika viwanja vya Nyakabindi maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020. Hayo ni maendeleo, nayo twayafurahia. Lakini kila banda la zamani libomolewapo kupisha ghorofa, na kila mzee aliyepima pamba azikwapo, ukurasa mmoja hutoweka. Wasukuma wanayo makumbusho yao huko Bujora, karibu na Mwanza, yanayohifadhi ngoma na vifaa vya watemi. Mizani ya ushirika na daftari la duka navyo vyastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Simiyu, na wa miji mingine isiyokuwa na magofu, wawatoe wanafunzi wao darasani siku moja na kuwapeleka mtaani wakiwa na daftari na kalamu. Wamsalimu mwenye duka kwa adabu, kisha wamwulize swali moja tu: “Mzee, duka hili lilikuwa la nani kabla yako?” Wakiandika jibu lake, na jibu la jirani yake, watakuwa wamekwisha kuianza historia ya mji wao, nao hawatangoja mgeni aje kuwaandikia.