Askari Asiyesema: Taswira ya Mpiganaji katika Filamu za Hali Halisi

Tarehe 12 Septemba 1914 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana katika vilima vinavyoutazama mji wa Kisii, safari fupi kutoka Kenyenya. Mwaka 1916 Waingereza walifurika sinemani kutazama *The Battle of the Somme*, filamu ambayo tukio lake mashuhuri, la askari kutoka handakini kwenda kushambulia, liliigizwa mbali na mapigano. Utanzu huu, basi, tangu mwanzo ulidai ukweli huku ukiazima mbinu za tamthilia.

Katika makoloni, kamera ilikuja na bwana wake. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, kilikusudia kuwavuta Waafrika waunge mkono vita. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. (Laiti angeketi jioni moja kumsikiliza fanani wa Kigusii!)

Burma ndiko suala hili linakodhihirika zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw. Wapigapicha wa jeshi la Uingereza walitumia kamera zisizonasa sauti. Maelezo na milio viliongezwa baadaye studioni. Askari wa King's African Rifles anaonekana akifumbua kinywa, lakini tunayemsikia ni msimulizi Mwingereza. Ni mhusika aliyepewa mwili akanyimwa usemi.

Wahakiki wengi wataulaumu ukoloni na kuishia hapo. Mimi sikubali kuishia hapo. Katika filamu ya Barbet Schroeder kuhusu Idi Amin, ya mwaka 1974, Amin anaamrisha jeshi lake liigize uvamizi wa milima ya Golan. Safari hii msemaji ni Mwafrika, naye anasema kwa wingi. Askari wake, hata hivyo, ni vibaraka vya mchezo wake. Yaonekana cheo nacho hunyamazisha, tena bila kujali rangi.

Kwa hiyo mtafiti anayelitaka neno la askari mwenyewe itambidi aiweke filamu kando kwa muda, aende Kenyenya na kwingineko Gusii, awaulize watoto na wajukuu wa waliorudi kutoka Burma walisimuliwa nini, na kwa lugha gani.