Hesabu za Mbu

Ronald Ross alizaliwa katika Bara Hindi mwaka wa 1857, akawa tabibu, mtunga mashairi, na mpenda hesabu aliyejifundisha mwenyewe vitabuni. Dunia humkumbuka kwa hadubini yake, wala haikosei. Tarehe 20 Agosti, 1897, mjini Secunderabad, aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu aliyemnyonya mgonjwa. Na katika mwaka wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Walakini, kwa maoni yangu, kazi yake iliyo kubwa zaidi ilifanywa kwa kalamu na karatasi.

Kujua kuwa mbu ndiye mchukuzi wa maradhi hakukumaliza ubishi, kuliuanzisha. Ross alishauri madimbwi yafukiwe na mazalio ya mbu yaharibiwe. Wapinzani wake waliona shauri hilo kuwa ndoto, kwani nani awezaye kuwamaliza mbu wote wa nchi? Mwaka wa 1902 jaribio lilianza Mian Mir, kambi ya askari karibu na Lahore. Mifereji ilifukiwa, mafuta yakamwagwa majini, lakini mbu hawakukoma wala homa haikukoma. Ross alijibu kwamba eneo lililosafishwa lilikuwa dogo mno, na mbu wa nje waliingia wapendavyo. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwatosha watu waliokuwa wakitazama wagonjwa kwa macho yao.

Jibu la hesabu lilitokana na kisiwa cha Morisi, ambako malaria iliua makumi ya maelfu ya watu katika miaka ya 1866 na 1867. Ross alikwenda huko mwaka wa 1907, na taarifa yake ikatoka mwaka wa 1908. Msomaji na afuate hesabu yake kwa kalamu. Mbu 48 wamwendea mgonjwa mmoja. Robo yao, yaani 12, hufanikiwa kumnyonya; wengine hufukuzwa au huishia kwa wanyama. Katika hao 12, theluthi, yaani 4, huishi hata vijidudu vikomae ndani yao, kwa maana umri wa mbu ni mfupi, na kukomaa huko huchukua zaidi ya juma zima. Katika hao 4, robo, yaani mmoja, humuuma mtu mwingine.

Basi mbu 48 huzaa mgonjwa mpya mmoja. Wakizidi, mgonjwa huacha warithi wengi na maradhi huenea. Wakipungua, kila mgonjwa apataye nafuu huacha pungufu ya mrithi mmoja, na maradhi hufifia hata yakazimika, ingawa mbu wangali wakilia masikioni mwa watu usiku. Robo na theluthi hizo zilikuwa makadirio tu, na Ross alijua hivyo. Nguvu ya hoja haikuwa katika tarakimu bali katika mpaka uliofichuliwa: haikuwa lazima kumwua mbu wa mwisho.

Katika mwaka wa 1901 tabibu kijana, Anderson McKendrick, alifuatana na Ross hadi Sierra Leone, akaambukizwa mapenzi ya hesabu. Mwaka wa 1927 yeye na William Kermack, mkemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara mwaka wa 1924, walionyesha kuwa tauni huisha kabla ya kumpata kila mtu. Huisha wale wawezao kuambukizwa wanapokuwa wachache mno. Walilinganisha hesabu yao na vifo vya tauni ya Bombay ya 1905 na 1906, na mstari ukalingana na vifo hivyo kwa namna ya kustaajabisha.

Kisha, katika miaka ya 1950, George Macdonald alirudia hesabu ya mbu akaona jambo ambalo Ross hakulitilia uzito wa kutosha. Ile theluthi ya mbu waishio ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa mbu hana budi kuiponyoka mauti kila siku, siku baada ya siku, kabla ya kuwa na madhara. Kwa hiyo dawa ipakwayo ukutani, imwuayo mbu mzima apumzikapo baada ya kunyonya, hupunguza malaria kuliko kuyafukia madimbwi mengi. Na chandarua kilichotiwa dawa hufanya kazi kwa hesabu iyo hiyo.